Siku Sindano ya Mizani Iliporudi Nyuma

Nyie mnaorusha picha za harusi kwenye skrini kubwa kwa simu, bila waya, njooni niwaambie kitu. Sina ugomvi na simu zenu. Nawaonea wivu tu, na wivu wangu nausema wazi. Sisi tulikuwa na waya, wa mita ishirini, mnene kama kidole. Kamera ikienda huku, waya unavuta meza ya keki kule. Keki nimeangusha moja tu maisha yangu yote, na bibi harusi wa siku ile sasa ana wajukuu, lakini tukikutana sokoni bado ananiuliza, "Minza, leo umekuja na waya?"

Basi Minza ndiye mimi. Kamera nimeishika mpaka mgongo ukagoma. Nilianzia studio ya Bwana Jayanti, pale mjini Mwanza, nikiwa nachana nywele za watu kabla ya picha za pasipoti. Bwana Jayanti alizaliwa Mwanza, na baba yake vilevile, na Kisukuma chake kilikuwa kinanishinda mimi niliyezaliwa Magu. Soko huria lilipokuja na mizigo ikaanza kuingia kutoka kila upande, wenzake walileta redio na vitenge. Yeye akaleta kamera ya video ya kushika mkononi na projekta. Mke wake alimnunia wiki nzima.

Projekta ile, jamani! Ilikuwa na uzito wa ndama na macho matatu mbele: jekundu, kijani na bluu. Kila jicho lilitoa picha yake, na kazi yako ilikuwa kuzilaza picha tatu zikae juu ya moja. Ukikosea, bwana harusi ana pua tatu. Kuzipanga kulichukua saa nzima, na mtu akiigonga meza kwa makalio unaanza upya. Ndiyo maana mpaka leo sipendi mtu anayezunguka zunguka nyuma yangu nikiwa kazini. Nikikufokea, usinune, ni mazoea.

Wazo la kuunganisha kamera moja kwa moja na skrini lilikuwa la Bwana Jayanti. Harusi ya kwanza tuliifanya ukumbi mmoja wa Nyakato. Watu wa nyuma, ambao siku zote huona migongo tu, safari hii wakaona machozi ya bibi harusi makubwa kama maembe. Kisha nikawageuzia kamera wao. Eh! Ukumbi ulisimama. Lakini kila mtu alipungia skrini, hakuna aliyepungia kamera, kwa hiyo pale juu ikaonekana halaiki ya watu wanaoangalia pembeni na kupungia ukuta. Baba mdogo mmoja wa bwana harusi alijiona, akainuka, akaenda nyuma ya shuka tulilolitundika kuwa skrini kujitafuta. Alirudi akasema huko nyuma hayupo.

Mimi nikanogewa. Nikasema ngoja niielekeze kamera kwenye skrini yenyewe nione itakuwaje. Ikatokea skrini ndani ya skrini, ndani yake nyingine, na nyingine, mpaka mwisho kabisa kunakuwa kadoa kanakotetemeka. Mama mmoja aliyekaa mbele akaacha pilau akauliza, "Sasa huko mwisho kuna nani?" Bwana Jayanti alinijia mbio, jasho linamtoka. "Minza! Kamera haijitazami! Geuza!" Nikageuza. Lakini nawaambia ukweli, kujaribu kule ndiko kulikonifundisha kwamba kamera na skrini zina tabia zao zikikutana, na tabia hizo usipozijua zitakuaibisha mbele za watu. Mimi ziliniaibisha mbele ya mama yangu mzazi.

Mama alikuwa mkulima wa pamba kule kwetu Magu. Ekari mbili, jembe la mkono, peke yake tangu baba afariki. Zamani pamba yote iliuzwa kwenye chama cha msingi cha ushirika. Wakaja wanunuzi binafsi, kila mmoja na lori lake, mizani yake na karani wake. Bei ilikuwa nzuri, hilo siwezi kukataa. Ugonjwa ulikuwa kwenye mizani. Ni ile mizani ya kuning'iniza, yenye uso wa duara kama saa na sindano moja. Karani anaugeuza uso umwelekee yeye, mkulima anabaki kuangalia mgongo wa bati. Karani anataja namba, anaandika, mwingine aje. Msimu ule uliotangulia, Mama alipeleka mizigo mitatu aliyoibeba mwenyewe kichwani, akijua kwa shingo yake uzito wa kila mmoja, akatajiwa namba ambazo shingo yake ilizikataa. Alirudi nyumbani akalala siku mbili. Hakuumwa. Alikasirika.

Alikuja Mwanza kunitembelea, akanikuta kwenye harusi, akaona ile skrini. Tukarudi nyumbani. Ndipo akaniuliza, "Minza, hicho kidude chako kinaonyesha nyuso za watu tu, au kinaweza kuonyesha na uso wa mizani?"

Sikulala vizuri. Asubuhi nikamweleza Bwana Jayanti. Nilijua atasema hapana. Akakuna kidevu, akasema, "Mkulima akiuza vizuri, anamwoza binti yake. Akimwoza, anatuita sisi. Twende." Hiyo ndiyo hesabu yake yote, na hakutaka senti ya mtu.

Mwenyekiti wa kijiji wakati ule alikuwa Mzee Masalu, mtu mrefu, mpole, mwenye baiskeli iliyopambwa kuliko bibi harusi: maua ya plastiki, kengele mbili, vioo viwili vya duara kwenye usukani. Aliposikia habari yetu alifurahi mno. Akaita mkutano, akawaambia watu mwaka huu hakuna kuuza nyumba kwa nyumba. Pamba yote iletwe ghalani siku moja, na mnunuzi atakayekubali kupima mbele ya "kamela", huyo ndiye atakayeondoka nayo. Wanunuzi wawili walicheka wakaenda zao. Wa tatu kinu chake cha kuchambulia kilikuwa na njaa ya pamba, akasema hata mkileta sinema mimi nitapima. Wanakijiji wenyewe hawakuamini. Mama alisimama mkutanoni akasema, "Mimi naleta. Lakini wakiniibia na safari hii, pamba ninayo nitaijazia magodoro, na jembe nitalitundika. Nimechoka kulimia watu." Wanawake wengi wakasema na sisi tuko nyuma yako. Kwa hiyo siku ile haikuwa mchezo. Mwaka mzima wa watu ulikuwa umelala mle ghalani ndani ya mashuka na magunia, na Mzee Masalu ndiye aliyewaambia waulete.

Tulifika mapema. Ghala lilikuwa la mabati, tukaziba madirisha kwa magunia, giza likapatikana ingawa nje jua lilikuwa linawaka. Jenereta likakaa mbali ili lisitupigie kelele. Mizani ikafungwa kwenye boriti, ubavuni, karibu na skrini, ikamulikwa na taa yake ndogo. Hapa nisikilizeni, maana ndipo kosa lilipofanyika. Kwenye harusi projekta tunaiweka mbele ya shuka, upande wa watu. Siku ile Bwana Jayanti akaona watu watakuwa wengi, watapita na mizigo, wataigonga meza, na vumbi la pamba litaingia kwenye macho ya mashine. Akasema tuiweke nyuma ya shuka. Shuka ni jepesi, picha itapenya, watu wataiona kwa mbele. Wazo zuri! Nikalisifu mimi mwenyewe.

Tukajaribu. Kuweka rangi sawa huwa tunatumia karatasi nyeupe, kamera ijue nyeupe ndiyo ipi. Siku ile nilielekeza kamera kwenye pamba safi ya Mama, na sijawahi kupata rangi nzuri kama ile maishani. Nikamlenga Mzee Masalu usoni kwa kamera. Akatokea pale juu na meno yake yote. Akainua mkono, akafurahi, akasema, "Kama najitazama kwenye kioo!" Vijana wangu, mtu akikwambia hivyo kazini, simama hapo hapo ufikiri. Mimi sikufikiri. Nilisema asante.

Saa nne watu walijaa mpaka mlangoni. Karani wa mizani alikuwa kijana mnene, shati limechomekwa, kalamu mbili mfukoni. Mzigo wa kwanza ulikuwa wa jirani yetu mmoja. Ukatundikwa. Nikainua kamera, magoti nimeyalegeza kidogo, viwiko nimevibana kwenye mbavu, pumzi nimeishika. Kwenye kitundu cha kutazamia nikaona uso wa mizani safi kabisa, sindano inapanda vizuri kutoka sifuri kwenda kumi, ishirini, thelathini. Moyo ukanijaa. Nikasema leo Magu watanikumbuka.

Ghala likalipuka.

"Inarudi nyuma!"

"Sindano inarudi nyuma! Inakula kilo!"

Na sauti iliyozishinda zote niliijua tangu nizaliwe. Ilikuwa ya Mama. "Minza! Mashine yako inakula pamba ya watu!"

Nikahamaki. Mimi mtu wa hasira, sifichi. Bila kuondoa jicho kwenye kamera nikamjibu kwa sauti, mbele ya kijiji kizima, "Mama, mimi ndiye ninayeona! Sindano inakwenda sawa! Kaa chini!"

Bwana Jayanti naye akatoa kichwa nyuma ya shuka. "Hata huku naiona sawa, jamani! Iko sawa kabisa!"

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Fikirieni: watu wote wanaona sindano inarudi nyuma, na wenye mashine wawili wanawaambia hamuoni vizuri. Ni maneno yale yale waliyokuwa wakiambiwa na makarani. Karani alitabasamu, akafunika kalamu yake. "Si mnaona? Mtambo mbovu. Zimeni, tupime kama siku zote." Watu wa nyuma wakaanza kuinua mizigo yao. Mzee Masalu alisimama katikati, mikono imening'inia, anaita majina ya watu mmoja mmoja, "Subirini, subirini kidogo," na hakuna anayesubiri. Nikamwona Mama anakunja kitambaa cha kichwa ili abebe gunia lake arudi nalo nyumbani. Hakunitazama.

Nikashusha kamera. Nikaenda nikasimama alipokuwa amesimama yeye, bega kwa bega, nikatazama skrini. Na mimi nikaiona. Namba zimegeuka, sifuri iko juu lakini kumi iko kushoto badala ya kulia, na mzigo ukiguswa sindano inakimbilia nyuma. Shuka likiangazwa kwa nyuma, kulia kunakuwa kushoto. Mimi nilikuwa natazama kwenye kamera, Jayanti anatazama akiwa upande wa projekta, sote wawili tunaona sawa, na kijiji kizima kinaona kinyume. Uso wa Mzee Masalu haukutuonyesha kosa, kwa sababu uso wa mtu hata ukiugeuza unabaki uso. Mizani haisamehi.

"Mama," nikamwambia, "nisamehe. Ulikuwa unaona sawa. Ni mimi nisiyeona."

Akanitazama. "Sasa?" akasema. Neno moja tu.

Sasa nini? Kuhamisha projekta mbele ni saa nzima, na watu hawatakupa hata dakika tano. Ndani ya projekta kuna waya za kugeuza picha, lakini bisibisi ilikuwa Mwanza, kwenye droo. Bwana Jayanti alikuwa amekaa juu ya boksi ameshika kichwa. Nilikuwa nimetazama chini, natamani ardhi inimeze, ndipo nikakumbuka neno la asubuhi: kama najitazama kwenye kioo. Kioo kinageuza! Picha iliyogeuka ukiigeuza tena inakaa sawa. Nikapiga kelele kama mwehu.

"Mzee Masalu! Nipe kioo cha baiskeli!"

"Kioo changu?"

"Kioo chako, shikamoo, kimbia!"

Mzee wa watu alikimbia. Alikuwa mtu mzima mwenye heshima zake, akatoka mbio kwa miguu ile mirefu, akarudi anakifungua kioo huku anatembea. Nikataka kukichukua, akakikumbatia. "Hiki sikiachii. Niambie nikishike wapi." Basi nikageuka ubavu, kamera haitazami mizani tena. Nikamwambia aweke kioo mbele kabisa ya lenzi, akipindishe mpaka mizani ionekane ndani yake. Kwenye kitundu changu namba zikageuka kinyume, na hiyo ndiyo mara pekee maishani nimefurahi kuona picha mbovu. "Mama!" nikaita. "Nisomee skrini! Ikoje?"

Mama akasema polepole, "Kumi iko kulia. Ishirini... Inakwenda mbele. Jamani, inakwenda mbele!"

Mizigo iliyokuwa imeinuliwa ikashushwa. Wengine walikuwa wameshafika mlangoni, wakarudi. Mkono wa Mzee Masalu ulikuwa unatetemeka na picha nzima ikawa inatetemeka, mpaka akina mama wakamfokea, "Mwenyekiti, shika pumzi!" Akaishika, mashavu yamemvimba. Karani akafungua kalamu yake tena, lakini tabasamu lilikuwa limekwisha.

Mzigo wa kwanza ulipimwa, wa pili, wa tatu. Karani alikuwa na tabia ya kutaja namba sindano ikiwa bado inacheza, akiikamata ikiwa chini. Kwenye mizani ndogo huwezi kumshika. Kwenye skrini ndefu kuliko mtu, kila mmoja aliiona ikicheza. Akitaka kutaja, ghala zima linamwambia, "Subiri itulie!" Anasubiri. Nilikuwa nataka kucheka lakini ukicheka kamera inacheka pia.

Ikafika zamu ya Mama. Gunia likatundikwa. Karani akasogea karibu nalo, kama anayelizuia lisiyumbe. Sindano ikatulia. Watu wakaisoma kwa pamoja, "Arobaini na moja!" Karani akainama kuandika.

"Usiandike," Mama akasema. "Huo mzigo nimeubeba mimi. Una zaidi."

"Mama, si umesoma mwenyewe? Sindano imetulia."

"Nimesoma. Mzigo una zaidi."

Hata mimi nilisita, maana skrini ilikuwa inasema arobaini na moja na skrini sasa ilikuwa sahihi. Lakini siku ile nilikuwa nimeshamwambia Mama mara moja kwamba haoni, na sikuwa tayari kumwambia mara ya pili. Nikamnong'oneza mwenyekiti, "Mzee, inamisha kioo. Polepole. Chini zaidi."

Picha ikateremka. Ikatoka kwenye namba, ikapita kwenye ndoano, ikashuka kwenye gunia mpaka mwishoni kabisa. Na pale, kubwa kama kitako cha ng'ombe, likaonekana goti la karani likiwa limelibeba gunia kwa chini.

Sijui niwaelezeje kicheko kile. Mabati yalilia. Bwana Jayanti alitoka nyuma ya shuka akajiunga na watu, anapiga makofi na kusema kwa Kisukuma maneno ambayo siwezi kuyarudia hapa. Karani alitazama skrini, akaliona goti lake, akalitazama lenyewe, akaliondoa kama aliyeungua.

"Rudisha kioo juu," nikamwambia Mzee Masalu, na machozi yananitoka, ya kucheka au ya nini sijui.

Sindano ikaruka mbele. Ikacheza, ikacheza, ikatulia. Safari hii watu hawakuisoma. Walimwachia mwenye mzigo. Mama alisogea mpaka karibu na shuka, mwanga ukampiga usoni. Elimu ya watu wazima aliisoma, cheti anacho, namba anazijua zote. Ni vile tu hakuna aliyewahi kumgeuzia mizani aisome.

"Arobaini na nane," akasema. Kisha akasema tena kwa nguvu, akimtazama karani, "Arobaini na nane. Andika."

Karani akaandika. Tangu hapo hadi mzigo wa mwisho hakutaja tena namba yoyote. Aliinamia daftari lake, kalamu tayari, akauliza tu, "Ngapi?" Na ghala zima likamjibu.